Jackson 5 Christmas Album: Sauti ya Mtoto Katika Sikukuu Isiyokuwa Yake

Albamu za Krismasi zilizoimbwa na watoto nimezisikiliza nyingi, na nyingi kati yake zina kasoro ile ile: mtoto amekaririshwa furaha. Anachangamka kwa sababu mtu mzima aliyeketi nyuma ya kioo cha studio amemwambia achangamke, na msikilizaji huligundua hilo kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Jackson 5 Christmas Album, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Motown mwezi Oktoba 1970, ina nyimbo mbili tatu zenye kasoro hiyo, nami nitazitaja bila kuficha. Hata hivyo, ndani ya albamu hiyo hiyo mna nyimbo tatu zinazofuatana ambazo kwangu zinatosha kuifanya iwe santuri bora ya Krismasi kupata kuimbwa na kundi la watoto, na sababu yake si kwamba watoto wale walikuwa na furaha kuliko wengine. Ni kwamba waliachiwa waimbe hamu.

Waimbaji ni ndugu watano wa tumbo moja kutoka Gary, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Indiana, ambako baba yao, Joseph, alikuwa akiendesha kreni kiwandani. Jackie, mkubwa wao, alikuwa na miaka 19 albamu ilipotoka, kwa hiyo kumwita mtoto si haki. Tito alikuwa anatimiza 17, Jermaine alikuwa na 15, Marlon 13 na Michael 12. Motown, iliyowasajili mwaka 1969, ilikuwa ikitangaza kwamba Michael ni mdogo kuliko umri wake kwa miaka miwili, kwa kuwa mtoto anapokuwa mdogo zaidi ndipo kipaji chake kinapostaajabisha zaidi. Jambo hilo si la pembeni kama linavyoonekana. Katika nyimbo kadhaa za albamu hii unamsikia mvulana anayekaribia kubalehe akiombwa aimbe kama mtoto wa chekechea, na katika nyingine unamsikia akiimba kama mtu aliyekwisha kuishi maisha marefu. Umri wake halisi uko katikati, na ni mara chache anaruhusiwa kukaa hapo.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa ajabu. Nyimbo zao nne za mwanzo chini ya Motown zilishika nafasi ya kwanza Marekani moja baada ya nyingine, jambo ambalo hakuna kundi lililokuwa limewahi kulifanya, na wa nne kati ya nyimbo hizo ulipanda kileleni mwezi ule ule albamu ya Krismasi ilipoingia madukani. Albamu yao ya kwanza ilikuwa imetoka Desemba 1969, ya pili Mei 1970, ya tatu Septemba, na hii ya Krismasi ikafuata mwezi mmoja baadaye. Albamu nne katika muda usiotimia mwaka ni mzigo mkubwa hata kwa watu wazima, na haraka hiyo inasikika: nyimbo 11 zinakwisha kabla ya dakika 40, na baadhi ya zile za kasi zinafungwa kwa namna inayonifanya nihisi kwamba zamu ya studio ilikuwa inaisha.

Kinachoiokoa ni ufundi wa watayarishaji. Kazi ilifanywa na Hal Davis pamoja na timu ya Motown iliyojiita The Corporation, yaani Berry Gordy mwenyewe, mwanzilishi wa Motown, Freddie Perren, Alphonso Mizell na Deke Richards, watu wale wale waliotunga na kutayarisha vibao vya mwanzo vya kundi. Hawakutengeneza muziki wa kitoto. Gita la besi linatembea kwa ukakamavu ule ule wa nyimbo za dansi za Motown, ngoma zinapigwa kwa uzito wake, fidla zimepangwa kwa uangalifu, na kengele za Krismasi zinatumika kama kiungo cha mboga, si kama mboga yenyewe. Watoto wamesimama mbele ya bendi kamili ya watu wazima na hawakupunguziwa chochote. Anayezoea albamu za watoto zenye kinanda kimoja cha umeme kinachorudia mdundo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho atauona utofauti huo mapema sana, na pengine atakasirika, kama nilivyokasirika mimi, akifikiria jinsi watoto wengi wanavyopewa muziki wa bei rahisi kwa dhana kwamba hawatatambua.

Wimbo uliotolewa peke yake kuitangaza albamu ni Santa Claus Is Coming to Town, ambao ulikuwa na miaka 36 tayari, kwa kuwa ulianza kusikika redioni Marekani mwaka 1934. Katika matoleo ya zamani wimbo huu ni onyo la mzazi kwa mtoto: jiheshimu, kwani Baba Krismasi anajua ulichofanya. Hapa mambo yamegeuzwa. Anayetoa onyo ni mtoto mwenyewe, na kaka zake wanamwitikia kama wenzake wa mtaani waliopata habari za moto, kwa hiyo onyo linakuwa habari njema inayopitishwa nyumba kwa nyumba. Muda wake haufiki dakika tatu na hakuna sekunde iliyopotea. Nimewaona watu ambao hawana habari na muziki wa miaka ya sabini wakianza kutikisa mguu kabla sauti ya kwanza haijaingia.

Up on the House Top ni wa zamani zaidi, umetungwa mwaka 1864 na Benjamin Hanby, na The Corporation waliuongezea maneno mapya yanayowahusu ndugu hawa wenyewe. Ni wimbo mwepesi, nami naupenda kwa sababu hiyo hasa: unasikia familia ikitaniana, na utani wa ndugu wa tumbo moja ni kitu ambacho mtayarishaji hawezi kukinunua. Frosty the Snowman na Rudolph the Red-Nosed Reindeer ndizo nyimbo zinazonichosha. Zote mbili zilipata umaarufu kupitia mwimbaji Gene Autry, wa paa mwenye pua nyekundu mwaka 1949 na wa mtu wa theluji mwaka 1950, na zote mbili zinasimulia kisa ambacho mtoto wa miaka 12 hakiamini tena. Michael anajitahidi, mpangilio wa ala umechangamka, lakini ile furaha ya kukaririshwa niliyoitaja mwanzo iko hapa, na nikiwa peke yangu naziruka.

Have Yourself a Merry Little Christmas, unaofungua albamu, na The Christmas Song, wa tatu, vinampa nafasi Jermaine, na hapo napenda kusimama kidogo, kwa sababu wanaozungumzia kundi hili humtazama Michael peke yake. Jermaine alikuwa na sauti iliyokwisha kushuka, laini, yenye ukungu kidogo, sauti ya kijana anayejifunza kuongea polepole ili asikike mkubwa. Haivutani na wimbo. The Christmas Song unataja njugu zinazochomwa motoni na baridi inayong'ata pua, na msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye Desemba kwake ni jasho, feni na maji ya madafu, anaweza kujiuliza unamhusu nini. Ajue basi kwamba watunzi wake, Mel Tormé na Robert Wells, waliuandika California katika joto kali la kiangazi mwaka 1945, wakitaja vitu vya baridi ili wajisahaulishe joto. Tangu nilipolijua hilo nimeacha kuuona kuwa wimbo wa watu wa theluji. Ni wimbo wa watu wanaotokwa jasho na kuiwazia theluji, na kwa maana hiyo ni wetu kabisa.

Lipo jambo ambalo mzazi wa Afrika Mashariki anastahili kuambiwa kabla hajainunua. Kwetu, muziki wa Krismasi ni kwaya kwanza: kuzaliwa kwa Yesu, wachungaji, malaika, Bethlehemu. Albamu hii haiko hivyo. Kati ya nyimbo 11, mmoja tu, The Little Drummer Boy, unafika kwenye hori la ng'ombe. Nyingine zote ni za Baba Krismasi, za theluji, za mapenzi, au za kuitakia dunia amani. Anayetafuta santuri ya kuchezwa kabla ya ibada ya mkesha atafute kwingine. Lakini wimbo huo mmoja umetendewa haki. Ulitungwa na Katherine K. Davis mwaka 1941, na unamhusu mtoto maskini ambaye hana zawadi ya kumpelekea mfalme aliyezaliwa, isipokuwa kumpigia ngoma yake. Kwaya nyingi za watu wazima huuimba kwa utukufu mwingi mno, wakasahau kwamba anayesema ni mtoto asiye na kitu. Sauti ya Michael inalirudisha jambo mahali pake. Anaimba kama anayeomba ruhusa kweli, na ndugu zake wanaitikia mlio wa ngoma chini yake bila kumfunika.

Sasa nizifikie zile nyimbo tatu, wa nane, wa tisa na wa kumi, ambazo ndizo kiini cha albamu kwa hukumu yangu.

Christmas Won't Be the Same This Year unaimbwa na Jermaine, nao ni wimbo wa mtu ambaye mwaka huu sikukuu imemkuta bila mpenzi wake. Mdundo wake haulii. Unatembea, na ndiyo maana maneno yanauma: kila kitu cha Krismasi kiko mahali pake, watu wanapita na furaha zao, ila yeye anakosa mtu mmoja. Kijana wa miaka 15 anayeimba kuhusu kuachwa anaweza kuchekesha kwa urahisi. Jermaine hachekeshi, kwa kuwa anauimba wimbo kwa heshima, bila kulazimisha machozi, na akifika kwenye kiitikio ndugu zake wanamzunguka kwa sauti zao kama wanavyomzunguka mtu aliyefiwa, bila kusema mengi.

Give Love on Christmas Day ni wa The Corporation, umetungwa kwa ajili ya albamu hii, na ndio bora kuliko zote. Maudhui yake ni rahisi: watu wanahangaika madukani wakijiuliza wampe nani nini, ilhali zawadi inayohitajika ni upendo. Nakiri kwamba nikilisoma wazo hilo kwenye karatasi haliniingii, kwa maana kila mwaka limeandikwa kwenye kadi elfu. Lakini sikilizeni jinsi Michael anavyoliimba. Anaanza chini, karibu na mazungumzo, kama anayemweleza mtu mmoja aliyeketi karibu naye, na wimbo unapopanda yeye hapigi kelele. Anairefusha silabi, anaichelewesha kidogo nyuma ya mdundo kama walivyofanya waimbaji wa muziki wa soul aliowatazama akiwa amesimama pembeni ya jukwaa, kisha anaiachia. Sauti yake ni ya juu na safi, haijakuwa nzito, lakini namna anavyoipima ni ya mtu mzima. Fidla zinaingia nyuma yake bila kumsukuma. Nimeusikiliza wimbo huu kwa spika kubwa za sebuleni na kwa spika za masikioni ndani ya daladala, na katika hali zote mbili nimejikuta nimeacha nilichokuwa nikikifanya.

Someday at Christmas ulikuwa umeimbwa kabla na Stevie Wonder, naye akiwa bado kijana, na ulibeba jina la albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1967. Unaitazamia siku ambayo vita vitakuwa vimekwisha, njaa itakuwa imekwisha na watu watakuwa sawa. Mwaka 1970 vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na vijana wa Marekani walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima, wengi wao wakiwa wamewazidi Jermaine na Tito kwa miaka michache tu. Stevie Wonder aliuimba kama nabii kijana mwenye uhakika kwamba siku hiyo itafika. Michael anauimba kama mtoto anayeuliza ni lini, na mimi naona kwamba swali linausaidia wimbo kuliko uhakika. Wapo watakaonipinga kwa kuwa la Stevie ndilo toleo la kwanza na ndilo lenye nguvu zaidi ya sauti. Nguvu nakubali, lakini maneno yale yanataka mtu ambaye bado ana haki ya kushangaa kwa nini dunia iko hivi.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo limebadilisha usikilizaji wangu. Mama yao, Katherine, alikuwa Shahidi wa Yehova, na watoto walilelewa katika imani hiyo, ambayo haisherehekei Krismasi wala siku za kuzaliwa. Michael alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba Krismasi yake ya kwanza ilikuja pale rafiki yake, mwigizaji Elizabeth Taylor, alipompambia nyumba. Kwa hiyo mtoto unayemsikia akiita watu wapeane upendo siku ya Krismasi alikuwa anaiimba sikukuu isiyokuwa yake. Simsemei yaliyokuwa moyoni mwake akiwa studio. Mtoto mwenye kipaji anaweza kuimba lolote analopewa. Nasema tu kwamba katika nyimbo za kusherehekea naisikia kazi, na katika nyimbo za kutamani naisikia kweli, na tofauti hiyo inafanana mno na hali aliyokuwa nayo hata nisiione kuwa ni bahati. Mtoto anayetazama taa za jirani kutoka dirishani kwake anajua kutamani. Hakuhitaji kufundishwa.

Albamu inafungwa na I Saw Mommy Kissing Santa Claus, na baada ya nyimbo tatu nzito kufungia kwa kichekesho kunaweza kuonekana ni kosa la mpangilio. Nilidhani hivyo miaka mingi. Wimbo wenyewe ulipata umaarufu mwaka 1952 kwa sauti ya Jimmy Boyd, mvulana wa miaka 13, ambaye aliuimba kwa upole wa mtoto wa shule ya Jumapili. Michael anauimba kwa ukali wa mtoto aliyeshuhudia jambo zito. Anaanza kwa mshangao, kaka zake hawamwamini, na mwisho kabisa muziki unapopungua anaendelea kusisitiza kwamba aliona, aliona kwa macho yake, na kwamba baba ataambiwa. Mwaka jana niliucheza mbele ya mpwa wangu wa miaka minane. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshikilia kipande cha chapati bila kula, kisha akaniuliza, "Mjomba, kweli atamsema mama yake?" Nikamwambia Baba Krismasi yule ni baba mwenyewe aliyevaa ndevu. Akanyamaza, akafikiri, halafu akaomba wimbo urudiwe ili achunguze kama mtoto yule anaijua siri. Tuliurudia mara nne. Hajui, alihitimisha, ndiyo maana ana hasira. Nadhani ni uhakiki bora kuliko wangu, kwa kuwa ukali ule wa kutojua ndio unaoufanya wimbo uwe hai.

Mwaka ule Motown haikutoa albamu hii peke yake; The Temptations nao walitoa yao ya Krismasi, na Smokey Robinson na The Miracles vilevile. Nimeziweka tatu hizo bega kwa bega. The Temptations wana sauti zilizokomaa na mpangilio wa sauti za pamoja ambao vijana wa Gary wasingeweza kuufikia, na kwa usiku wa wageni wazima pengine ningeiweka ile. Kwa nyumba yenye watoto na wazee chini ya paa moja, hii ya Jackson 5 ndiyo inayowaweka wote pamoja sebuleni, kwa sababu mtoto anajisikia na mzee anakumbuka.

Anayetaka kuimiliki ana njia kadhaa. Iko kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki ya simu, ikiwa na nyimbo zake 11 za asili. Lipo pia toleo la mwaka 2009 lililopewa jina la Ultimate Christmas Collection, lenye salamu za Krismasi za ndugu hawa, michanganyo mipya ya baadhi ya nyimbo, na Little Christmas Tree, wimbo ambao Michael aliuimba peke yake mwaka 1973, sauti ikiwa imeanza kubadilika na upweke ukiwa umezidi. Kwa ajili ya wimbo huo mmoja toleo hilo lina thamani yake. Michanganyo mipya sioni inaongeza kitu. Imezisogeza mbele ngoma mahali ambapo wenyewe waliziweka nyuma ili mtoto asikike. Santuri za zamani nazo hupatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, lakini zikaguliwe kwa mwanga kabla ya kulipwa. Ya kwangu ina mkwaruzo unaoanzia kwenye Frosty the Snowman na kuishia kabla ya mpiga ngoma maskini hajaanza kuomba ruhusa, nami sikuwahi kufikiria kuibadilisha.